Kikao cha Jumamosi: muda umebadilika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kikao chetu cha Jumamosi kitaanza saa tisa alasiri badala ya saa nane, ukumbi uleule wa kanisa. Somo ni upendo usio na masharti.

Tafadhali someni Luka 15:11-32 kabla ya kuja. Msiishie kwa mwana mpotevu, mtazameni baba. Alimwona kijana angali mbali, akamkimbilia na kumbusu kabla hajafungua kinywa kuomba msamaha. Na kaka mkubwa alipokasirika akakataa kuingia, baba alitoka nje kumfuata, akamsihi. Hapo ndipo ninapoguswa zaidi: wote wawili walifuatwa.

Maandalizi:
1. Kila mmoja amwombee mtu anayemwia vigumu kumpenda, kuanzia leo. Jina libaki moyoni, tusilitaje kikaoni.
2. Nahitaji wawili wa kuwatembelea wenzetu walioacha kuja. Tusiwahoji, tuwajulie hali tu.

Naomba kila mtu athibitishe hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku: andika "Nipo" au "Sitaweza". Wa kutembelea, ongezeni "Nitakwenda".