Bei ya miezi mitatu

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya Alasiri

Shoga yangu Mwanakombo,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila stima imepotea tangu asubuhi na simu imezima, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ujumbe wako wa sauti niliuwahi jana usiku nikikanda unga wa mahamri. Nilifurahi nawe kwa hiyo kazi ya kuchora uliyopata, mpaka ulipofika pale kwenye bei: "Wataka niwafanyie kazi kwa mkataba miezi mitatu, wakiridhika wataniajiri, kwa hivyo nawaza niwatoze kidogo tu." Nikaacha kukanda.

Hicho kidogo nakijua. Kisa changu cha ile ofisi ya Nyali sikukupa chote, niliona haya. Waliniambia miezi mitatu vilevile. Nikakubali Sh40,000 kwa mwezi, na moyoni nikijua kazi yenyewe ni ya Sh80,000. Vipeperushi, mabango, menyu za mahoteli, hata kadi za harusi ya binti wa mkubwa zilinipitia mimi. Miezi mitatu ikawa tisa. Barua ya ajira ilipokuja, ilikuwa ya Sh42,000. Nikaenda kuuliza. Mama wa uhasibu, wala hakuwa na ubaya, akanigeuzia kompyuta nione safu ya malipo yangu: 40,000, 40,000, 40,000, mara tisa kwenda chini. "Si ndiyo bei yako hii, mwanangu?" Nikakosa la kujibu, maana ilikuwa bei yangu kweli, na niliitaja kwa mdomo wangu.

Sasa hebu nenda Biashara Street uingie duka lolote la leso, umwambie mwenye duka: nipe doti hii nusu bei, maana inshallah tukiwa na harusi nitakuja kuchukua doti 20. Atakucheka. Atakwambia lipa hii moja kwa bei yake, ukija na harusi tutazungumza bei ya harusi. Na sisi tuliosoma tunashindwa kusema maneno hayo mepesi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tuseme mshahara unaoutaka ukiajiriwa ni Sh80,000. Gawa kwa siku 22 za kazi, utapata kama Sh3,600 kwa siku, na wengi wetu huishia hapo. Lakini hiyo ni siku ya mwajiriwa. Mwajiriwa hanunui laptopu wala bando, halipii programu ya kuchorea. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku 21 za likizo kwa mwaka, na mshahara wake unaingia. NSSF, ile akiba ya uzeeni, mwajiri anamchangia, na ule ushuru wa nyumba, akikatwa 1.5% mwajiri anatia 1.5% nyingine. Wewe wa kujitegemea hayo yote ni mfuko wako. Halafu mwaka una siku 260 hivi za Jumatatu hadi Ijumaa. Ondoa za kupumzika, ondoa Idi na sikukuu nyingine, ondoa za kuugua, ondoa zile za kusaka wateja na kuwaandama waliokukopa (hizi ndizo nyingi, we wajua). Mimi hubakiwa na 150 za kulipwa, tena mwaka ukiwa mzuri. Sh80,000 mara 12 ni 960,000. Vifaa na intaneti mimi huweka 180,000. Jumla 1,140,000, gawa kwa 150: Sh7,600 kwa siku.

Hawa wako wanakupa siku 60 na kitu mfululizo, bila kuzunguka juani kutafuta. Hilo lina thamani yake, kwa hivyo shuka kidogo. Mimi ningesimama kwenye Sh6,000. Lakini ushuke kwa ajili ya zile siku 60. Ajira bado haijafika, usiipunguzie bei.

Watashtuka. Watapiga hesabu waone ni Sh132,000 kwa mwezi, waseme hata meneja hapati hizo. Usibishane nao. Waambie ndiyo, na siku mkiniajiri itashuka, tutakaa tuzungumze mshahara. Hili nililielewa nimeshachelewa: mimi nilikaa miezi tisa kwa sababu nilikuwa rahisi. Nani angekuwa na haraka ya kuniajiri, na kazi yote anaipata kwa nusu bei bila likizo? Ungekuwa unawauma kwa bei kila mwisho wa mwezi, wangelikumbuka lile neno la kuajiri wenyewe.

Andika tarehe. "Wiki ya kumi tutakaa kuzungumza ajira," iwe ndani ya mkataba, na pembeni yake kwamba wakikuajiri, miezi hii mitatu ihesabiwe kuwa majaribio. Sheria inawaruhusu kukuweka kwenye majaribio hadi miezi sita, na wapo wanaoyaanzisha upya bila haya. Utaambiwa pia kwamba kibarua akipitisha mwezi mfululizo, sheria inamhesabu mwajiriwa. Kifungu cha 37 cha ile Sheria ya Ajira kipo, ila kinasema juu ya kibarua. Ukishatia sahihi mkataba wa kutoa huduma, usikiegemee. Na wakikulipa pungufu kwa 5% usipandishe sauti, ni kodi wanaizuia waipeleke KRA, kwa watoza ushuru. Dai cheti chake, utakihitaji ukijaza ritani ya kodi.

Bei itaje wewe kwanza, halafu nyamaza. Najua kunyamaza ndiko kutakakokushinda, utaanza "lakini tunaweza kuongea." Kunywa maji.

Huo mkataba nipitishie kabla hujatia sahihi. Jumamosi nitavuka feri kuja Likoni kwa mama, nitakuwa kwake tangu asubuhi. Mahamri nakuja nayo, mbaazi pika wewe.

Wako,
Rukia