Corolla 110 si gari moja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wenu wa ukurasa wa magari. Wiki jana alituambia wenye Toyota Corolla za kizazi cha 110 tusihangaike na bei za spea za hapa, tuagize ng'ambo kokote, maana "gari ni lile lile". Mimi ni dereva wa teksi. 110 yangu ya 1998 ninayo tangu 2005, na maneno hayo hayo niliwahi kuyaamini.

Mpwa wangu yuko Minnesota, na yeye pia aliendesha Corolla, ya 1999. Taa yangu ya mbele ilipovunjwa na mkokoteni wa maji, akanipigia: "Mjomba, usinunue, nakutumia zote mbili." Zikafika zimefungwa vizuri, ziking'aa. Fundi akaishika moja, akaijaribu, akaigeuza, akaijaribu tena. Tundu moja la skrubu likakaa, la pili likaangukia hewani, na kona ya kioo ikatokeza nje ya madigadi upana wa kidole gumba. Na hata zingekaa: taa za huko humulika zaidi upande wa kulia, kwa kuwa wao huendesha kulia. Huku ningekuwa nampofusha kila anayekuja mbele yangu usiku.

Fungua boneti usome kibati cha namba ya modeli. Changu kinasema AE110, yaani injini ya 5A-FE, lita moja na nusu. Jirani yangu kituoni ana EE111 ya cc 1300. Zote ni za Japani, ambako kizazi hiki kilianza kuuzwa Mei 1995 kikakoma 2000, ilipoingia ile tunayoiita NZE. Ya Marekani ilianza na modeli ya 1998, ikaundwa Fremont kule California na Cambridge kule Kanada, sura yake ya mbele mbali, injini yake mbali: 1ZZ-FE ya cc 1800 inayotumia cheni, wakati yangu ina mkanda wa taimingi ambao usipobadilishwa kwa wakati utakulaza njiani. Tena pale pale Fremont gari hilo lilitoka pia na chapa ya Chevrolet, likiitwa Prizm. Ya Ulaya nayo ilipofika 1997 ilikuwa na taa za duara, imetoa macho kama chura. Waingereza wakaanza kuiunda Burnaston 1998, na mwaka huo huo Wabrazili wakaanza yao Indaiatuba.

Kama mwandishi alitaka kuonyesha kitu kisichobadilika, angezitaja zile DX, Corolla za kubebea miraa na mikate. Sedani ilipobadilika 1995, DX iliachwa na bodi ile ile ya 1991 mpaka Toyota Probox ilipoiondoa 2002. Huko ndiko unakoweza kuhamisha mlango wa gari la mwaka huu ukaufunga kwenye la mwaka ule.

Namwomba basi atuandikie tena, na safari hii aanze na namba ya kibati.

Zile taa bado ninazo, chini ya kitanda, na mke wangu amechoka kuzifagilia pembeni. Ikiwa kuna msomaji aliyeleta Corolla yake kutoka Marekani, aje azichukue. Sitaki hata senti.

Dereva wa teksi,
Majengo, Mombasa