Fedha ikae nje ya kapilari

Swahibu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na kwa mama watoto pia. Barua yako imefika. Unataka kuzitenganisha kemikali kwa umeme ndani ya kapilari (mrija mwembamba sana), kisha uzitambue kwa leza zinapogusa fedha, ile madini, ambayo huukuza mwanga wa Raman, yaani mwanga unaorudi na alama ya kila kemikali. Kuhusu zile chembe za fedha ulizouliza: usizitie kwenye bafa, kile kimiminika cha kutunza pH kinachoijaza kapilari. Zina chaji, kwa hiyo umeme utazikimbiza kama unavyoikimbiza sampuli, nyingine zitaganda ukutani, na muda wa kutokea kila kemikali utakuwa unahamahama. Fedha iisubiri sampuli mlangoni, inapotokea.

Chukua kapilari ya silika yenye tundu la mikromita 50, urefu sentimita 50. Ioshe kwa NaOH (soda kali) ya 1 M, yaani moli 1 kwa lita, dakika 20, kisha maji, kisha bafa ya borati ya pH 9 iliyochujwa. Choma poliimidi, ganda la plastiki la nje ya kapilari, milimita chache kwenye mdomo wa kutokea, maana hung'aa chini ya leza ikafunika kila kitu. Ila sehemu iliyochomwa huvunjika kwa kuguswa tu. Mdomo huo uulaze juu ya bapa lililopakwa fedha, na bafa nyingine ipite kandokando yake, mikrolita 10 hivi kwa dakika. Kwa volti 20,000, kapilari yenyewe hutoa nanolita mia mbili hadi mia tatu tu kwa dakika. Mkondo wa nje ndio unaoibana sampuli hiyo igusane na fedha. Isipogusa, huoni kitu. Waya wa ardhi ufunge kwenye mkondo wa nje, kamwe si kwenye bapa, la sivyo umeme utaichubua fedha.

Kila kemikali ikipita mbele ya leza huchora kilele. Kilele cha sekunde 5 ukikisoma kwa sekunde 5, umepata nukta moja tu. Soma kila nusu sekunde, upate kumi.

Anza na rodamini 6G, rangi ya kujaribia, utazame mstari wake wa Raman wa 1510 (kipimo ni cm⁻¹). Mstari huo unapaswa kupanda juu, kisha kushuka mpaka chini kabisa. Ukiishia katikati kushuka, rangi imeng'ang'ania fedha, na kemikali inayofuata itasomeka pamoja na mabaki yake. Thioli, kemikali zenye salfa inayoshikamana na fedha, ndizo sugu kuliko zote: ziache mwisho wa siku, kisha bapa ulitupe.

Na ukiona kwenye mchoro wa Raman vilima viwili vinene, karibu na 1350 na 1580, usishangilie. Hiyo ni kaboni, leza imeunguza sampuli. Punguza nguvu ya leza mpaka miliwati 1 au chini yake.

Ampea zikianguka ghafla hadi sifuri, kuna kiputo cha hewa ndani ya kapilari. Kisukume kwa bafa. Lakini zima volti kwanza, ndipo uguse chupa.

Wako,
Juma