Kabla hujaweka dau kwenye mbio za ramani na dira

Swahiba,

Salamu nyingi. Swali lako nimelipata: unataka kubeti timu za taifa kwenye mbio za ramani na dira, na umevutiwa zaidi na zile za kupokezana. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu soko hili halifanani kabisa na la mpira, na mwenye mazoea ya mpira huchana mikeka mingi kabla hajajua kwa nini.

Kwanza ujue unachokinunua. Kwenye mchezo huu (orienteering) mkimbiaji, akiwa na ramani na dira, hutafuta vituo vilivyochorwa kwenye ramani kwa mpangilio uliowekwa, na mwenye muda mdogo zaidi anashinda. Kwenye mashindano ya dunia kila nchi huingiza timu moja. Mbio za kupokezana za msituni zina wakimbiaji watatu, wanaume kwao na wanawake kwao, kila mmoja akikimbia karibu dakika 35. Zile za mjini zina wakimbiaji wanne waliochanganyika, mwanamke anaanza na mwanamke anamaliza, kila mmoja dakika 12 hadi 15. Tangu 2019 mashindano ya dunia yamegawanywa: miaka inayogawanyika kwa mbili ni ya mjini, mingine ni ya msituni. Edinburgh 2024 yalikuwa ya mjini, Kuopio 2025 ya msituni, na Genova 2026 ni ya mjini tena. Ukiangalia matokeo ya mwaka jana kubashiri ya mwaka huu, unalinganisha michezo miwili tofauti. Rudi nyuma miaka miwili, si mmoja. Na 2021 uiweke kando, maana kule Ucheki mbio za mjini na za msituni zilikimbiwa pamoja baada ya yale ya 2020 kuahirishwa.

Kombe la dunia ni habari nyingine. Huko nchi inaweza kuwa na timu zaidi ya moja, kwa hiyo utaona Uswidi 1 na Uswidi 2. Soma sheria za kampuni: je, dau lako la "Uswidi" linafuata timu ya kwanza tu, au yoyote itakayotangulia? Jambo dogo, lakini linapoteza pesa za watu ambao ubashiri wao ulikuwa sahihi. Na mbio za vilabu kama Jukola na Tiomila usizichanganye na za mataifa. Zina faida moja tu kwako: zinaonyesha Mswisi au Mcheki gani anakimbilia klabu ya Nordiki, yaani nchi za kaskazini ya Ulaya kama Uswidi na Ufini, kwa hiyo amezoea misitu ya huko kuliko pasipoti yake inavyodokeza.

Sasa njoo kwenye kiini chenyewe. Watu wengi hubeti jina la nyota. Mbio za kupokezana huamuliwa na yule dhaifu zaidi kati ya watatu, na zaidi ya hapo, na uwezekano wa wote watatu kumaliza bila kuharibu. Kila kituo kina namba, kuanzia 31 kwenda juu, na mkimbiaji hugusisha, yaani hupitisha chipu aliyoivaa mkononi kwenye mashine ya hapo ili isajili kwamba amefika. Waandaaji hugawanya njia kwa makusudi: timu zote hukimbia jumla ya njia zilezile mwishoni, ila kwa mpangilio tofauti, ili mtu asiweze kufuata mgongo wa mwenzake tu. Hapo ndipo balaa lilipo. Mkimbiaji wa kwanza yuko ndani ya kundi la watu ishirini, mapigo ya moyo yako juu, anaona watatu wanainama kwenye kituo upande wa kushoto, naye anagusisha hapohapo bila kusoma namba. Kituo cha kwake kilikuwa mbele kidogo. Timu nzima imeondolewa, hata kama wawili waliobaki watakimbia kama upepo. Kuna na kosa jingine la kijinga zaidi: mkimbiaji ndiye mwenye jukumu la kuchukua ramani ya timu yake wakati wa kupokezana, na akichukua ya jirani, habari imekwisha.

Weka hili kwenye namba. Kwa kila mkimbiaji kadiria uwezekano wa "kosa kubwa", yaani kupoteza zaidi ya dakika mbili au kuondolewa. Tuseme nchi ya kwanza ina nyota mwenye asilimia 4, mwenzake 6, na wa tatu 12. Uwezekano wa timu kupita salama ni 0.96 × 0.94 × 0.88, sawa na asilimia 79. Nchi ya pili haina nyota, wote watatu wana asilimia 5: 0.95 mara tatu ni karibu asilimia 86. Nyota wa nchi ya kwanza anaweza kuwa na kasi ya dakika moja zaidi, lakini timu yake inavunjika mara moja katika kila mbio tano. Mara nyingi bei ya soko humtazama nyota na kumsahau yule wa asilimia 12.

Wapo wanaovunja kanuni hii, lazima niseme. Tove Alexandersson wa Uswidi, katika miaka yake bora, angeweza kufuta pengo la dakika mbili peke yake kwenye zamu ya mwisho. Upande wa wanawake nchi zenye wakimbiaji watatu wa daraja la juu ni chache, kwa hiyo mtu mmoja wa aina hiyo ana uzito mkubwa kuliko upande wa wanaume. Kwa wanaume mimi humpunguzia nyota thamani bila huruma.

Hiyo asilimia ya kosa utaipata wapi? Kwenye muda wa vipande, yaani muda wa kutoka kituo hadi kituo, ambao hutolewa hadharani baada ya karibu kila mashindano makubwa. Kwa kila kipande chukua wastani wa watano walio na kasi zaidi, halafu ugawe muda wa mkimbiaji wako kwa wastani huo. Panga uwiano wote, uchukue wa katikati. Tuseme ni 1.08: huo ndio mwendo wake wa kawaida. Sasa tafuta vipande vilivyotoka nje ya mstari. Kipande ambacho bora walitumia dakika 4, yeye ana 1.45, yaani 5:48. Kwa mwendo wake angetumia 4:19. Amepoteza sekunde 89 hapo, na hilo ni kosa la kusoma ramani, si la miguu. Fanya hivyo kwa mbio zake kumi au zaidi za aina ileile, uone ni mara ngapi makosa yake yanazidi dakika mbili.

Tumia mbio ambazo kila mtu anaanza peke yake. Za masafa marefu huachana dakika 3, za kati dakika 2. Vipande vya zamu ya kwanza ya kupokezana vinadanganya, kwa kuwa kundi linambeba hata asiyejua alipo. Na ukitumia orodha ya ubora wa dunia, kumbuka zipo mbili, ya msituni na ya mjini, tena ni za mtu mmojammoja. Mtu anaweza kuwa wa kumi mjini na asiwe na maana yoyote kwenye kinamasi.

Ardhi nayo ina sauti kubwa. Misitu ya Nordiki ina miamba, vinamasi na vilima vidogo visivyo na umbo la wazi. Anayekosea hapo hupotea hasa, hana njia ya kumrudisha. Msitu wa Ulaya ya kati una miteremko mikali na njia nyingi, kwa hiyo mapafu yanalipa zaidi na makosa yanagharimu kidogo. Mjini, kwenye ramani ya 1:4000, kosa la dakika mbili ni nadra, lakini kuna mtego wa kuvuka ukuta au bustani iliyokatazwa kwenye ramani, na adhabu yake ni kuondolewa. Kwa hiyo mjini punguza asilimia ya kupotea, uache ya kuondolewa ilipo. Ramani za zamani za eneo la mashindano mara nyingi hutolewa na waandaaji. Zifungue na uzitazame kabla ya kugusa bei.

Matokeo ya zamani yasafishe kwanza. Urusi na Belarusi zilizuiwa Machi 2022, na Urusi ilikuwa ikichukua medali za kupokezana mara kwa mara, kwa hiyo "nafasi ya nne" ya kabla ya hapo si ileile. Yapo na mambo ambayo hesabu haiyaoni kabisa. Mwaka 2008 kule Olomouc, Ucheki, Thierry Gueorgiou wa Ufaransa alikuwa anaongoza zamu ya mwisho, nyuki akamwingia mdomoni na kumchoma. Dhahabu ikaenda Uingereza. Mwaka uliofuata, kule Miskolc, Hungaria, Martin Johansson wa Uswidi alichomwa na kijiti kirefu mguuni. Gueorgiou, Anders Nordberg wa Norwe na Michal Smola wa Ucheki wakaacha mbio kumsaidia. Timu nne zilizokuwa zikipigania medali zilitoweka kwa pamoja, Uswisi ikashinda. Ndiyo maana timu yoyote ile, hata iwe na nguvu kiasi gani, mimi siipi zaidi ya asilimia 60 ya kushinda.

Haya, bei, yaani odi: kiasi unacholipwa kwa kila shilingi moja ukishinda. Chukua soko la namna hii: 1.80, 3.50, 4.50, 11 na 26. Gawa 1 kwa kila odi upate asilimia ya uwezekano: 55.6, 28.6, 22.2, 9.1 na 3.8. Jumla ni asilimia 119. Hiyo 19 ya juu ni ya kampuni, na kwenye michezo midogo kama huu usishangae kuikuta kubwa kiasi hicho. Ukiisafisha, yaani ukigawa kila asilimia kwa 1.19, ile timu ya 3.50 kwa kweli imepewa asilimia 24. Wewe ukiipa 33, basi 0.33 × 3.50 ni 1.155, yaani kwa kila shilingi unatarajia kurudishiwa 1.155, inafaa, lakini lazima uweze kueleza kwa sentensi moja tofauti ya 24 na 33 inatoka wapi. "Nahisi" si sentensi. Chini ya 1.15 acha, kwa sababu kosa la makadirio yako ni kubwa kuliko faida hiyo. Kiasi cha dau: faida gawa kwa odi ukitoa 1, yaani 0.155 ÷ 2.5, karibu asilimia 6 ya pesa uliyotenga. Halafu chukua robo yake tu, asilimia 1.5. Robo, kwa sababu ile 33 uliibuni mwenyewe.

Mkeka wa timu nyingi uache. Ukiunganisha wanaume na wanawake unazidisha faida ya kampuni, 1.19 × 1.19 ni 1.42, na tayari umeliwa karibu asilimia 29 ya dau lako kabla mtu hajaanza kukimbia.

Wakati mzuri wa kuweka ni pale majina na mpangilio wa zamu vinapotangazwa, kwa kawaida siku moja kabla. Mara nyingi bei hufunguliwa mapema, kocha bado hajaamua, na nyota ambaye jana alikimbia masafa marefu kwa dakika 90 na zaidi anaweza kupumzishwa. Ukiona nchi imemweka mwenye makosa mengi kwenye zamu ya mwisho, ishushe: atakuwa peke yake au kwenye mapambano ya uso kwa uso. Kumpata mtu wa ndani akunong'oneze mpangilio kabla haujatangazwa usijaribu. Wakimbiaji, makocha na waandaaji hawaruhusiwi kubeti mchezo wao wala kutoa siri za ndani, chini ya kanuni za harakati ya Olimpiki za kuzuia upangaji wa matokeo, na utamharibia maisha.

Kubeti laivu ni kujipeleka kuliwa. Picha na alama za setilaiti zinazoonyesha mkimbiaji yuko wapi huchelewa, na alama inayoonyesha mtu amefika kwenye kituo haisemi kama amegusisha. Hata anayetangulia kuvuka mstari wa mwisho hajashinda mpaka chipu isomwe. Baada ya hapo kuna malalamiko, na uamuzi ukitolewa kuna dakika 15 za kukata rufaa kwa baraza la waamuzi. Kwa hiyo soma kampuni inalipa kwa matokeo ya jukwaani au ya rasmi ya mwisho, na inafanyaje timu isipoanza. Na ukibeti nafasi za chini, ujue kwamba wakimbiaji waliochelewa huweza kuanzishwa kwa pamoja ili kuokoa muda. Timu zao huwekwa nyuma ya zile zilizopokezana kwa kawaida, hata kama jumla ya dakika zao ni ndogo.

Jambo la mwisho, kiwango cha juu cha dau ambacho kampuni inakubali huwa kidogo, na dau dogo tu linaweza kuishusha bei. Weka mara moja, usirudi.

Anza na nchi sita tu: Uswidi, Norwe, Ufini, Uswisi, Ucheki na Ufaransa, wakimbiaji watano kila moja. Ukimaliza jedwali la makosa yao nitumie kabla hujaweka chochote, nione umeyahesabu vipi yale ya mjini.

Wako swahiba.