Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Kikundi cha Wakulima wa Mpunga, Klaten, Java, Indonesia, 2025

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, akina mama, Pak Kadus mkuu wa kitongoji, Pak Kaum kiongozi wetu wa dini, na ndugu wanachama wote,

Kabla sijaanza: karanga za kuchemsha zimekwama kule nyuma kwa vijana. Zipitisheni mbele, usiku bado mrefu.

Mwaka 2025 tulikutana mara 11, kila Jumapili Pahing, yaani kila baada ya siku 35, siku saba za juma zinapokutana tena na siku tano za soko za Kijava, ambazo Pahing ni mojawapo. Naeleza hili kwa sababu taarifa hii hutumwa pia kwa watoto wetu walioko Jakarta, Bekasi na Batam, na baadhi yao wameoa au kuolewa na watu ambao hawajawahi kuzamisha mguu kwenye jaruba. Kwa hiyo Mbah, mzee wetu, ukinisikia naeleza jambo ulilolijua kabla sijazaliwa, nivumilie.

Hesabu atazisoma mhazini mwenyewe, na risiti zote zimo kwenye lile kopo la biskuti. Mimi nitazungumzia mashamba, na zaidi nitazungumzia panya. Hao ndio waliotushinda mwaka huu. Mlango tuliwafungulia wenyewe, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuushika kitasa.

Msimu wa mvua

Mwanzo ulikuwa mzuri. Miche iliingia majarubani Novemba 2024, mingi ikiwa mbegu ya Inpari 32, michache ya Ciherang. Mzee wetu mmoja bado ana kipande chake cha Rojolele, ule mpunga mrefu wa Delanggu ambao hukaa shambani karibu miezi mitano na ukipigwa na upepo hulala chini kama mtu mwenye homa. Kila mwaka tunamtania, na kila mwaka kukiwa na harusi ni kwake tunakwenda kubisha hodi.

Mavuno yaliangukia Ramadhani. Wengi walishuka shambani baada ya daku, wakakata hadi jua lilipoanza kuchoma, wakarudi nyumbani kulala. Kuhusu bei, kuanzia Januari serikali iliiagiza Bulog, shirika lake la chakula, inunue mpunga wa mkulima kwa rupia 6,500 kwa kilo badala ya 6,000, bila kukata kwa sababu ya unyevu wala mapepe. Sote tulifurahi. Ila wengi wetu tunaendelea kuuza shamba likiwa bado limesimama, na mnunuzi wa namna hiyo hapimi kwa mizani. Anasimama kwenye tuta, anavuta kreteki yake, sigara ya karafuu, anakadiria kwa jicho. Jicho lake hukosea, sikatai, lakini sijaliona likikosea kwa faida yetu. Waliokuwa na turubai, nafasi ya kuanikia na subira waliuza wenyewe na wakapata zaidi. Ambao ada ya shule ilikuwa inawangoja mlangoni hawakuwa na subira ya kuuza vile, nami siwalaumu.

Mashine ya kuvunia ilikuja tena, na malalamiko ya akina mama yalikuja nayo. Zamani mvunaji aliondoka na fungu lake la mpunga aliokata, na mjane asiye na shamba aliweza kulisha nyumba kwa mafungu hayo. Mashine haigawi fungu. Inakula jaruba zima kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Mwezi wa Juni tulikubaliana pembe za jaruba ambazo mashine haifiki zikatwe kwa mundu na wale mama waliokuwa wakituvunia, na fungu lao libaki kama zamani. Shamba moja lilikiuka. Mwenyewe anajijua, tumeshaongea, na amepeleka mchele pale ulipostahili kwenda.

Kiangazi kisichokauka

Vijana waliorudi kwa Idi, tarehe 31 Machi, walikaa siku chache. Wengi walishuka majarubani kupiga picha, mmoja akabaki kupandikiza na akina mama, akirudi kinyumenyume kwenye tope mpaka mgongo ukamkatalia. Mpunga wa pili tuliuvuna Julai, nao haukuwa mbaya.

Sasa nifike pale ninapoona aibu. Kanuni yetu mnaijua, imeandikwa kwenye daftari: mpunga, mpunga, kisha mazao ya nchi kavu. Baada ya mavuno ya pili tunaweka soya, choroko, mahindi au karanga. Sababu si uhaba wa maji peke yake, maana sisi wa Klaten, chini ya mlima Merapi, Mungu ametujalia chemchemi. Sababu kubwa ni panya. Panya wa mashambani huzaa pale mpunga unapobeba mimba. Suke likianza kuvimba ndani ya jani, jike naye anapata nguvu ya kuzaa. Hubeba mimba wiki tatu tu, na tumbo moja huweza kutoa watoto hata kumi. Mpunga ukiondoka shambani miezi mitatu, uzazi unakatika. Ukikaa mwaka mzima, na panya huzaa mwaka mzima.

Kwa kalenda ya wazee, ile iliyowekwa rasmi Surakarta katikati ya karne ya 19 chini ya mtawala Pakubuwana VII, tarehe 22 Juni huingia Kasa, siku 41 za majani kupukutika, na ndiyo majira ya kuweka mazao ya nchi kavu. Mwaka huu Kasa iliingia na mvua. BMKG, watu wa hali ya hewa, walikuwa wameshatutahadharisha kwamba kiangazi kingekuwa na maji, na kweli Julai tulikuwa tunakimbiza mpunga uani kila alasiri, mtu na turubai lake. Waliowahi kuweka karanga waliona zikioza. Mfereji ulikuwa umejaa mpaka kwenye kingo, bei ya mpunga ilikuwa nzuri, na mimi mwenyekiti wenu, ambaye ndiye husoma kanuni kila Novemba, niliangalia maji yale yakipita bure nikamwambia mke wangu: mwaka mmoja tu. Mwanzoni mwa Agosti nikapandikiza. Jirani akaniona, naye akapandikiza. Baada ya wiki mbili zaidi ya nusu ya bonde lilikuwa kijani, na hata hatukupanda kwa wakati mmoja. Huyu alianza leo, yule baada ya siku ishirini. Panya wakawa wanahama kutoka meza moja kwenda nyingine.

Panya

Oktoba niliamka usiku kwenda kuangalia zamu yangu ya maji. Nilifika kwenye banio dogo, nikatoa lile bonge la udongo linaloziba mlango, nikaweka tochi chini ili ninawe mikono. Nilisikia sauti kama mtu anayevunja vijiti vikavu, taratibu, mahali pengi kwa mpigo. Nilipoinua tochi niliona mabua yakiinama moja moja katikati ya jaruba. Panya haanzi pembeni. Huacha ukuta wa mpunga uliosimama kuzunguka shamba, na yeye anakula ndani, ili ukipita njiani uone shamba zima. Asubuhi niliingia nikakuta pamekatwa duara kama pamefyekwa, mabua yamelala, masuke machanga yametafunwa na mengine yametupwa tu.

Tulitoka wote kuwasaka, Jumapili tatu mfululizo. Nawashukuru sana, hata mabinti wa sekondari walikuja na fimbo. Tulichimba mashimo kwenye matuta, tukafukiza salfa na makapi, mbwa wa kitongoji jirani wakasaidia. Mikia ilijaa ndoo mbili za rangi. Lakini kusaka Oktoba ni kuchelewa. Msako wenye faida ni ule wa kabla ya kupandikiza, mashamba yakiwa matupu na panya hawajazaa. Ule wa Oktoba ulitupoza hasira tu.

Kulikuwa na waliotaka kuvuta waya wa umeme kuzunguka shamba. Hapa sitapindisha maneno. Wilayani Sragen, si mbali na kwetu, wakulima wamekufa kwa nyaya zao wenyewe, na wengine kwa nyaya za majirani, wakiwa wamekwenda kuangalia maji usiku kama nilivyokwenda mimi. Waya mmoja tuliukuta kwetu. Pak Kadus nami tuliukata mbele ya mwenyewe, na gharama yake nikamlipa kutoka mfukoni mwangu ili pasiwe na neno. Nikiukuta mwingine sitalipa.

Pendekezo la bundi tulilianza Septemba. Kijiji cha Tlogoweru, Demak, kinajulikana Java nzima kwa bundi wake: wamesimamisha vijumba vya mbao juu ya nguzo katikati ya majaruba, bundi weupe wanakaa humo na usiku wanawinda panya. Wanachama wawili walikwenda kujifunza kwa nauli yao. Vijumba viwili tumeshatengeneza. Mbah mmoja alikataa kabisa kimoja kisimame mbele ya dirisha lake, kwamba yule ni ndege wa mashetani na akilia juu ya nyumba kuna anayefuata. Tulimheshimu, tukakisogeza hadi karibu na mianzi. Juzi amemtuma mjukuu wake aulize kwa nini kijumba bado hakina bundi.

Kuhusu wereng, yule mdudu wa kahawia anayefyonza shina, tulimwona Oktoba katika mashamba machache, na baadhi ya watu walikimbilia dukani kununua dawa kali. Wenye mvi hapa mnakumbuka miaka ya 1970 na 1980: kadiri tulivyonyunyiza ndivyo alivyozidi, kwa sababu dawa iliua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Ndiyo maana mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Tafadhali mwiteni bwana shamba kabla ya kufungua chupa.

Mengineyo

Mbolea: tangu tarehe 22 Oktoba bei ya mbolea ya ruzuku imepungua kwa asilimia 20, urea kutoka rupia 2,250 hadi 1,800 kwa kilo, NPK kutoka 2,300 hadi 1,840. Hakikisheni majina yenu yamo kwenye orodha ya mahitaji kabla haijafungwa. Kila mwaka kuna anayekuja kwangu usiku akiwa na kitambulisho mkononi baada ya orodha kufungwa, na kila mwaka sina la kumfanyia.

Karamu ya dua kabla ya mavuno tuliifanya, kuku mzima, mayai, wali, na majani ya ndizi kwenye pembe ya shamba. Najua baadhi ya vijana waliosoma pesantren, shule za dini, wanaona sehemu ya Dewi Sri, yule mungu wa kike wa mpunga wa wazee, haifai. Pak Kaum alisoma dua, watoto wakala mayai palepale kwenye tuta, na aliyeona haifai alikaa kando akaja wakati wa kula. Nadhani hivyo ndivyo tutakavyoishi.

Mchele wa ulinzi: zamani kila nyumba iliweka punje kwenye kikopo mlangoni, na sungusungu waliupitia usiku wakigonga gogo la mwanzi. Siku hizi vikopo vingi vina sarafu ya rupia 500, na nyumba chache tu bado zinaweka mchele. Mchango huo ndio ulionunua mbao na misumari ya vijumba vya bundi, pamoja na mkeka huu tuliokalia. Nyumba nne vikopo vyao vimekuwa vitupu tangu Agosti. Sitazitaja. Kama ni shida ya kweli, semeni kwa katibu, hakuna atakayeulizwa mbele ya watu.

Wanachama wawili wametangulia mbele ya haki mwaka huu. Hitima zote tulihudhuria, na shamba la marehemu mmoja sasa linalimwa nusu kwa nusu na jirani mpaka mwanawe atakapoamua kama anarudi kutoka Bekasi. Hajaamua.

Sasa tulipo. Kwa sababu ya ule mpunga wa tatu, msimu huu tumechelewa: miche imeingia katikati ya Desemba badala ya Novemba, na mashimo bado yapo kwenye matuta ya upande wa mto. Kamati inawaomba mambo mawili usiku huu. Kwanza, msako uanze Jumapili ijayo asubuhi, kabla mpunga haujabeba mimba, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe. Pili, kila mwanachama aandike kwa mkono wake kwamba baada ya mavuno ya pili hataweka mpunga, hata mvua ikinyesha mpaka mlangoni, na aandike atapanda nini. Atakayevunja atalipia siku nzima ya msako, chakula na salfa.

Daftari lile. Nimeshaandika jina langu mstari wa kwanza, soya, shamba lote. Kalamu ni moja, ianzie kwa Mbah upande wa kulia, na anayemaliza ampitishie mwenzake pamoja na karanga.