Majibu hasi ya damu hayaondoi baridi yabisi

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu vipimo vya maabara vya baridi yabisi. Mwandishi ameacha picha kwamba damu isipoonyesha kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, basi mgonjwa hana tatizo. Sivyo. Kipimo kikongwe cha rumatoidi fakta, yaani mojawapo ya kingamwili hizo, ambacho daktari Erik Waaler wa Norwe alikieleza mwaka 1940, huwakosa wagonjwa wengi kwelikweli, na wakati mwingine humtia hofu bure mzee mwenye afya zake au mtu mwenye homa ya ini aina ya C. Kipimo cha anti-CCP, kinachotafuta kingamwili nyingine ya namna hiyo, ni makini zaidi, ila nacho kina wanaokiponyoka.

Tukumbuke kwamba vita yenyewe ya kinga ya mwili dhidi ya viungo haiko kwenye mshipa unaotolewa damu. Iko kwenye utando laini unaofunika kiungo kwa ndani, ambako chembe nyeupe hujikusanya na kutengeneza kingamwili papo hapo. Ndiyo maana watafiti huchukua, mara nyingine kwa sindano, kipande kidogo cha utando huo na kukichunguza kwa hadubini. Sisemi kila anayelalamikia goti achomwe sindano ya namna hiyo. Hiyo ni kazi ya utafiti na ya wagonjwa wachache wenye utata.

Ombi langu ni dogo. Maabara ziandike wazi kwenye karatasi ya majibu kwamba jibu hasi haliuondoi ugonjwa. Na mgonjwa ambaye vidole vyake vimevimba na hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa apelekwe kwa bingwa wa viungo, asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu pekee.

Msomaji wenu