Mafua ya ndege: miwani ya kinga isisahaulike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kikosi kinachotumwa kuua kuku pale mafua ya ndege yanapothibitishwa. Tukisikia neno mafua, mawazo yote huenda puani na kooni. Barakoa zinatafutwa kwa udi na uvumba, huku miwani ikihesabiwa kuwa nyongeza tu.

Mwaka 2003 Uholanzi ilipigwa na H7N7, aina mojawapo ya virusi vya mafua ya ndege, na kuku zaidi ya milioni 30 wakauawa. Watu 89 walithibitishwa kuambukizwa, na 78 kati yao hawakuwa na dalili nyingine isipokuwa macho mekundu. Daktari mmoja wa mifugo, aliyekuwa hajatumia dawa ya kinga, alifariki kwa nimonia. Julai 2024 yakajirudia Colorado, Marekani, safari hii kwa aina nyingine, H5N1: wafanyakazi waliokuwa wakikamata kuku mmoja mmoja na kuwaingiza kwenye mikokoteni ya kuwaulia kwa gesi waliugua, na dalili kuu ikawa macho. Vifaa vya kinga walikuwa navyo. Lakini joto la nje lilipita nyuzi 40, mabandani lilizidi hapo, na mafeni makubwa yalikuwa yakirusha vumbi na manyoya. Katika hali hiyo miwani na barakoa havikai usoni.

Sababu ya macho kutangulia inafahamika. Virusi vya ndege hunasa kwenye aina fulani ya vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo virusi hushikilia ili viingie. Pua na koo la binadamu vina vichache vya aina hiyo, lakini utando wa jicho unavyo kwa wingi. Asitokee mtu akasema basi ni ugonjwa mwepesi. Tangu 2003, kati ya watu zaidi ya 900 walioripotiwa duniani kuugua H5N1, karibu nusu walifariki.

Miwani inayofaa ni ile inayobana uso pande zote. Ile ya mafundi, iliyo wazi pembeni, haizuii vumbi la banda. Ikianza kuingia ukungu, kosa mara nyingi liko kwenye barakoa: kipande cha chuma cha puani hakikubanwa vizuri, na pumzi inapanda juu. Kibane kwa vidole vya mikono yote miwili, kisha toa pumzi kwa nguvu. Ukisikia upepo kwenye kope, anza upya. Mwenye ndevu hawezi kuziba barakoa ya N95, ile inayobana uso na kuchuja hewa, kwa hiyo anyoe au apangiwe kazi ya nje ya banda.

Jasho ndilo linaloharibu kila kitu. Barakoa ikilowa, kupumua kunakuwa kazi, na mtu huishusha bila hata kujua. Jasho likimwingia machoni hujifuta kwa mkono wa ovaroli, uliojaa kinyesi cha kuku. Kumkaripia hakusaidii, panga kazi upya. Kikosi kianze saa 11 alfajiri na kimalize saa 3 asubuhi, zamu ziwe fupi, maji ya kunywa yawe upande safi, na kila mtu awe na mwenzake wa kumtazama uso. Mabanda yetu mengi ni ya waya, basi simama upepo unakotoka. Nyunyiza maji kidogo kwenye maranda kabla ya kukamata kuku ili vumbi litulie. Kama kuna feni, isielekezwe kwa wakamataji.

Wakati wa kuvua vifaa vya kinga ndipo watu wengi hujichafua, kwa kuwa wamechoka na wanataka hewa. Anza na buti: zisugue kwa brashi na maji ya sabuni hadi kinyesi kitoke, ndipo uzitie kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Ukiruka kusugua, kinyesi kinaila nguvu klorini yote. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70 weka gramu 7 kwa lita moja, yaani gramu 140 kwa ndoo ya lita 20. Kwa klorini ya maji ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji. Ichanganywe upya kila siku na ikae kivulini. Baada ya buti vua glavu za juu, halafu ovaroli kwa kuikunja ndani nje. Safisha glavu za ndani, inama, funga macho, vua miwani kwa kushika mkanda wa nyuma. Barakoa iwe ya mwisho kabla ya glavu hizo, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Miwani itakayorudiwa lazima isuuzwe kwa maji safi. Mabaki ya klorini huwasha macho, na amonia ya banda vilevile. Ndiyo maana mfanyakazi huyaona macho yake mekundu akasema ni dawa tu, akarudi nyumbani kwa watoto.

Kila aliyeingia bandani afuatiliwe siku 10 tangu siku ya mwisho, na aulizwe kuhusu macho kabla ya kikohozi. Aliyefikiwa na virusi bila kinga apewe oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, milligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5, kwa maelekezo ya daktari, ikiwezekana ndani ya saa 48. Sampuli zichukuliwe puani na pia ndani ya kope la chini, kwa kijiti cha nyuzi za sanisi, kisiwe cha mti, na zisafirishwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8.

Zahanati nazo zikumbushwe. Januari 2024 macho mekundu yalienea nchini, na ni rahisi mhudumu kuona jicho, akaandika dawa ya matone na kuita mwingine. Aongeze swali moja: je, umeshika kuku au ndege aliyekufa? Januari 2017 H5N8, aina nyingine ya mafua ya ndege, iliua ndege pori huko Lutembe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, Uganda, na ikaingia kwa bata na kuku wa Masaka. Ziwa ni hilo hilo la Mwanza na Musoma.

Halmashauri za kando ya ziwa zihesabu leo stoo zao: kwa kila mtu, kila zamu, miwani moja, barakoa mbili, na jozi tatu za glavu.

Mtaalamu wa afya ya jamii,
Mwanza